Haki ya Kuota Moto



Baadhi ya wenzetu wa darasa walio na jamaa zao Uingereza wametuletea suali ambalo kwa mtu wa Pwani huenda likaonekana geni. Wauliza: mtu mwenye nyumba, mwenye kazi na mwenye nguo za kutosha, lakini hawezi kulipia joto la nyumba yake wakati wa baridi, je, huyo yuamo katika hesabu ya maskini? Na kama yuamo, ni msaada upi ulio bora kwake? Hatukupenda kulijibu suali hili kwa neno moja la ndiyo au la, kwani ndani yake mna mambo ambayo watu wa huko wameyafanya kwa mikono yao, nasi tuna haja ya kuyajua.

Kwanza tuielewe baridi yenyewe. Sisi wa Mombasa, Lamu na Malindi baridi yetu ni ya kuongeza shuka moja usiku wakati wa kusi. Ndugu zetu wa Limuru na Kinangop waijua zaidi. Lakini baridi ya Uingereza ni ya miezi mitano au sita, nayo haimalizwi na blanketi. Nyumba isiyopashwa moto hupata unyevu, kuta huota ukungu, na anayelala humo huvuta ukungu ule kifuani. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limeeleza kuwa joto la ndani lisipungue digrii 18, na kwa watoto wadogo, wazee na wagonjwa huenda likahitajika zaidi. Chini ya hapo maradhi ya kifua na ya moyo huzidi. Kwa hiyo joto huko ni haja, kama maji yalivyo haja, na mwenye kulidhania kuwa ni anasa hajalala katika chumba cha baridi mwezi wa Januari.

Sehemu kubwa ya nyumba za Uingereza, zaidi ya nne katika kila tano, hupata joto kwa gesi. Gesi huchoma maji katika mtambo, na maji ya moto huzungushwa kwa mabomba hadi kwenye vyuma vipana vilivyowekwa ukutani. Bei ya gesi ilianza kupanda mwaka 2021, na Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022 ikapanda kwa kiasi ambacho watu hawakukizoea. Huko kuna msimamizi wa serikali aitwaye Ofgem, ambaye tangu mwaka 2019 huweka kikomo cha bei. Kwa kikomo hicho, nyumba ya matumizi ya kawaida mwezi wa Oktoba 2021 ilihesabiwa kulipa pauni 1,277 kwa mwaka kwa gesi na umeme. Aprili 2022 ikawa pauni 1,971. Mwezi wa Agosti ikatangazwa kwamba kuanzia Oktoba itakuwa pauni 3,549, na hapo serikali ikaingia kati na kuishusha hadi kama pauni 2,500, kisha ikampa kila mwenye nyumba pauni 400 za msimu ule. Wengi walidhani pauni 2,500 ndio mwisho wa malipo hata ukichoma gesi usiku na mchana. Sivyo. Kikomo ni cha bei ya kila kipimo, na mwenye kutumia zaidi hulipa zaidi. Wako wazee waliowasha moto kwa kuamini hivyo, wakaja kushangazwa na hati ya deni.

Kisha kuna jambo la mita. Nyumba nyingi za watu wa pato dogo hutumia mita ya kulipa kabla, mfano wa tokeni za stima tununuazo hapa kwetu. Fedha ikiisha, moto huzima. Lakini huko iko na ada ya kila siku ambayo huhesabiwa hata usipowasha chochote, na deni la nyuma nalo hukatwa humo humo. Basi mama ambaye hakuweka fedha kwa wiki kadhaa, akija kutia pauni zake kumi, huona sehemu yake nzuri imekwenda kabla chumba hakijapata joto. Na wako waliowekewa mita hizo kwa amri ya mahakama, bila ya ridhaa yao, kwa sababu ya deni. Mwezi wa Februari 2023, baada ya magazeti kulifichua jambo hili na watu kulikasirikia, Ofgem iliyataka makampuni yasimamishe kazi hiyo mpaka ziwekwe sharti mpya.

Sasa turudi kwenye suali: ni nani maskini? Mwaka 1991 mtaalamu wa Kiingereza, bibi Brenda Boardman, alitoa kitabu juu ya umaskini wa joto. Kipimo chake ni kwamba nyumba isiyoweza kujipatia joto na nishati ya kutosha kwa sehemu moja katika kumi ya pato lake, hiyo ni maskini wa joto. Katika kipimo hiki hauulizwi ni kiasi gani mtu anatumia, huulizwa ni kiasi gani angelihitaji kutumia. Na tofauti hiyo ni kubwa. Ukitazama matumizi tu, ajuza anayekaa na makoti mawili na taa imezimwa ataonekana hana dhiki, kwani hati yake ya gesi ni ndogo. Udogo wa hati ndiyo dhiki yenyewe.

Msomaji aliyepita katika vitabu vya fikihi atatabasamu hapa, kwani njia hii si ngeni kwake. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walisema tangu zamani kuwa maskini ni yule ambaye ana kitu, lakini kitu hicho hakimtoshi: ahitaji kumi, naye apata saba au nane. Nao walipima kwa kile kinachomtosha mtu wa hali yake katika nchi yake, wala hawakupima kwa kile anachobahatika kukipata. Na Imamu Nawawi katika Minhaji ameeleza wazi kwamba nyumba anayokaa mtu na nguo anazozivaa hazimtoi katika ufakiri. Kwa hiyo jibu la suali la kwanza ni kuwa yuamo. Mshahara wake na mlango wake wenye namba havimnyimi haki yake, ikiwa baada ya kodi na chakula hana la kununulia joto litoshalo.

Suali la pili ndilo refu zaidi.

Katika kipupwe cha mwaka 2022 kuingia 2023, pote Uingereza watu walifungua vyumba vya joto. Maktaba, makanisa, misikiti, mahekalu na kumbi za mitaa ziliwasha moto wao na kuwaita majirani waje wakae. Kulizuka na harakati iitwayo Warm Welcome iliyoziunganisha sehemu hizi kwa maelfu ili mtu apate kujua iliyo karibu naye. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kupasha ukumbi mmoja wenye watu thelathini ni rahisi kuliko kupasha nyumba thelathini zenye mtu mmoja mmoja. Kwa msikiti jambo hili lilikuwa jepesi zaidi, kwani moto ulikuwa ukiwashwa kwa ajili ya sala, na baina ya adhuhuri na alasiri ukumbi ulikuwa mtupu.

Hapa yafaa tukumbuke hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Dawud, ambayo ndani yake watu wamefanywa washirika katika maji, malisho na moto. Baadhi ya wafafanuzi waliuliza: moto una ushirika gani, na kuni zina mwenyewe? Wakajibu kuwa mwenye moto hana haki ya kumzuia mtu kupata mwangaza wake wala kuwashia taa yake humo, lakini kaa lenyewe ni mali yake. Twaona katika tafsiri hii ufahamu mkubwa. Joto lililokwisha kuwako, ambalo halipungui kwa kuongezeka mtu wa pili, halizuiliwi. Ukumbi wa msikiti uliopashwa ni joto la namna hiyo, na kamati inayofunga mlango wake mchana kwa kuogopa zulia kuchafuka yapaswa ijiulize imezuia nini.

Lakini wenye kuviendesha vyumba hivi walijifunza jambo haraka: watu hawaji mahali palipoandikwa kuwa ni pa maskini. Mzee aliyefanya kazi miaka arubaini hatapita mbele ya jirani zake kuingia katika chumba cha wasiojiweza, heri afe na baridi yake. Basi wenye busara waliweka chai, karata za mchezo, darasa la kusoma, mafundi wa kutengeneza baiskeli, ikawa anayekuja amekuja kwa ajili ya hayo. Hakuandikishwa jina, hakuulizwa pato. Kuna misikiti yetu hapa Afrika Mashariki inayogawa unga mwezi wa Ramadhani kwa kuwapanga wajane foleni juani huku mpiga picha akipita. Tunalitaja hili kwa kupita tu.

Pamoja na hayo, chumba cha joto kina mpaka wake. Saa kumi na mbili za jioni hufungwa, na mtu hurudi kwenye kitanda cha baridi. Mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga hawawezi hata kufika. Kwa hao watu wengine walianzisha msaada wa mita: tangu mwaka 2015 mpango uitwao Fuel Bank umekuwa ukitoa hati za fedha kwa wenye mita za kulipa kabla, mara nyingi kwa mikono ya wale wale wanaogawa chakula. Mtu hupeleka hati dukani, mita hujazwa, moto huwaka usiku ule ule. Nasi hatuudharau msaada huu, kwani mwenye mtoto anayetetemeka hangojei mashauri marefu. Lakini fedha ile huteketea. Nyumba nyingi za Uingereza ni za zamani, dari zake hazikufunikwa na madirisha yake hupitisha upepo, na joto la pauni hamsini hutoka kwa nyufa kama maji katika mtungi uliotoboka. Baada ya siku chache mtu yule hurudi, na aibu yake imezidi.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama na kitabu. Katika Minhaji imetajwa kwanza kuwa fakiri na maskini wapewe kinachowatosha mwaka. Kisha Nawawi akaongeza kauli yake kwamba iliyo sahihi zaidi, na ndiyo aliyoielekeza Imamu Shafii mwenyewe na ndiyo ya wengi, ni kuwa wapewe kinachowatosha umri wao, mtu anunuliwe shamba au nyumba apate pato lake humo. Wafafanuzi wakasema, fundi apewe zana zake na mfanyabiashara apewe mtaji. Maana yake ni kuwa msaada ulio bora ni ule unaomtoa mtu katika mlango wa kuomba. Wengi wetu tumeisoma mlango huo wa fikihi mara mbili tatu, na bado twagawa zaka kwa shilingi mia mia.

Tukiupeleka mzani huu kwenye jambo la joto, twaona kuwa wako watu wa huko walioufikia bila ya kuusoma. Mwaka 1981 mjini Newcastle kulianzishwa chama cha Neighbourhood Energy Action, ambacho leo chaitwa National Energy Action. Fikra yake ilikuwa kwamba dhiki ya joto hutibiwa katika nyumba yenyewe: kutandika sufi nene juu ya dari, kuziba nyufa za milango na madirisha, kuvika tangi la maji ya moto. Kazi hizi fundi mmoja na vijana wawili huzifanya kwa siku, na faida yake hukaa miaka mingi. Hata serikali ya huko ilipobadilisha kipimo chake cha umaskini wa joto kwa Uingereza yenyewe mwaka 2021, ilitia hali ya nyumba ndani ya kipimo hicho pamoja na pato la mtu.

Lakini lipo tatizo ambalo lazima tulitaje. Maskini wengi ni wapangaji. Ukifunika dari ya nyumba ya kupanga kwa mali ya zaka, umemfaidisha nani? Mwenye nyumba huenda akapandisha kodi mwaka wa pili, na aliyesaidiwa akatoka. Zaka sharti imilikiwe na anayestahiki. Rai yetu ni kuwa kazi za namna hii zifanywe kwa sadaka ya kawaida na kwa maafikiano yaliyoandikwa na mwenye nyumba, na zaka anunuliwe mpangaji vitu ambavyo atahama navyo: pazia nzito, vizibo vya milango, blanketi la umeme. Blanketi hili hutumia umeme mdogo sana, kwani humpasha mtu wala si chumba, na kwa mzee anayeishi peke yake huenda likamfaa kuliko hati tatu za gesi.

Msaada mwingine hauna gharama yoyote ila elimu. Kusini-mashariki mwa London chama cha wakaazi kiitwacho South East London Community Energy huweka vikao vya chai ambapo mtu huja na barua zake. Hukaa naye mtu aliyefundishwa, akazisoma, akaiandikia kampuni, akamtafutia haki asizozijua, kama punguzo la pauni 150 la kila msimu wa baridi ambalo serikali imeliwajibisha makampuni. Wageni wetu wa lugha ya Kiswahili huko hupoteza haki hizi kwa sababu ya Kiingereza cha barua. Kijana mmoja wa darasa mwenye kusoma vizuri aweza kuwafaa watu kumi kwa jioni moja.

Tena kuna nyumba zisizofikiwa na bomba la gesi. Katika Ireland ya Kaskazini kiasi cha thuluthi mbili ya nyumba hupata joto kwa mafuta yanayoletwa kwa gari na kutiwa tangini, nayo bei yake haimo katika kikomo cha Ofgem. Gari kwa kawaida halileti mafuta kidogo kidogo. Asiye na fedha za kuagiza kwa gari hununua dumu la lita 20 dukani, na kwa kila lita hulipa zaidi kuliko tajiri. Sisi twalijua hilo, anayenunua mafuta ya taa kwa kikombe hulipa kuliko anayenunua debe. Dawa waliyoifanya ni vyama vya kununua pamoja: nyumba ishirini au thelathini za mtaa mmoja huagiza siku moja, na muuzaji hushusha bei kwani safari yake ni moja. Na iko mihuri ya pauni tano tano ambayo mtu hununua kidogo kidogo wakati wa joto, akabandika kadini, hata baridi ikija ana fedha za mafuta. Mwenye kujua upatu hahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Marekani, katika jimbo la Maine ambako leo wako wasema Kiswahili wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na hasa katika miji ya Portland na Lewiston, jambo hili huonekana kwa sura ya kuni. Watu wa vijiji hukusanya miti iliyoanguka, huikata na kuipasua siku za mapumziko, na kuiweka katika banda. Baridi ikija, jirani aliyeishiwa huja kuchukua. Sharti ni kuwa kuni ziwe zimekaa zikakauka, kiasi cha mwaka, kwani kuni mbichi hutoa moshi na kuziba bomba la moshi hata nyumba ikashika moto. Kwa hiyo mwenye kuzipasua leo anamwandalia mtu wa mwaka ujao, ambaye hamjui.

Na lililotupendeza kuliko yote ni la mtaa wa Lawrence Weston katika Bristol, mtaa wa watu wa pato dogo. Wakaazi wake, kwa chama chao Ambition Lawrence Weston, walijenga kinu cha upepo karibu na Avonmouth, nacho kikaanza kazi mwaka 2023. Urefu wake ni mita 150 na nguvu zake megawati 4.2. Watu hukosea wakidhani kuwa kinu hiki hupeleka umeme nyumba kwa nyumba. Umeme wake huuzwa, na faida, ambayo walitaraji ipite pauni 100,000 kwa mwaka, hurudi kwa mtaa kwa haja zake. Asili ya mali imezuiwa na pato lake latumika. Wao hawakuliita wakfu, lakini sisi jina lingine hatulijui. Na huyu ndiye shamba la Nawawi kwa mtaa mzima.

Kabla ya kufunga tuna onyo moja. Tumesikia kuwa baadhi ya jamaa zetu, umeme ukiwashinda, huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Wasifanye hivyo kabisa. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Mauti haya yametokea hata kwetu katika sehemu za baridi za bara. Mwenye kuwapelekea jamaa zake salamu awapelekee na neno hili.

Limebaki suali la mwisho la wenzetu: je, mtu wa Mombasa aweza kumpelekea zaka yake mpwa wake wa Birmingham aliyeshindwa na gesi? Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kuwa zaka haihamishwi maadamu wenye haki wako katika mji, na Mombasa hawakosekani. Wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu kumpelekea jamaa mwenye haja, na mwenye kuwafuata hatumlaumu. Sadaka isiyokuwa zaka haina mpaka huo, aipeleke apendako. Kisha mpwa huyo ajue kuwa tangu mwaka 2011 kuna huko National Zakat Foundation, ambao hukusanya zaka za Waislamu wa Uingereza na kuzigawa huko huko. Na ikiwa amekwisha kuingia katika deni la gesi kwa haja ya nyumba yake, naye hana la kulipia, basi anahesabiwa pia katika fungu la wenye madeni. Anayemlipia yafaa aipeleke fedha kwa kampuni yenyewe kwa idhini yake, na risiti akabidhiwe yeye.